Kibuyu cha Mama Kaanaeli Kilichofukuzwa Kazi

Katika nyumba alimozaliwa Dorkasi hapakuwa na kitu cha kurithi. Baba yake alikuwa mtu wa reli pale Makanya, kazi yake kugeuza njia ili treni zipishane, na kila kilichokuwa mle ndani kilikuwa mali ya reli. Kitanda kilikuwa na namba ya rangi nyeupe. Meza ilikuwa na namba. Hata ndoo ya maji ilikuwa na namba yake kitakoni. Siku baba alipostaafu alikuja karani na daftari lake, akavikagua vyote kimoja kimoja, akaondoka navyo. Familia ikatoka na mikeka miwili, sufuria, na kuku mmoja ambaye hakuwahi kuandikwa namba kwa sababu hakukubali kukamatwa.

Ndiyo maana Dorkasi alipoolewa na Melkizedeki wa Myamba, siku ya kwanza kupelekwa mlimani kumwona mama mkwe, jicho lake halikutua kwenye migomba wala kwenye ng'ombe. Lilipanda juu ya jiko, kwenye uchaga, ile dari ya fito inayokaa ndani ya moshi. Kule juu kulikuwa na vyungu, vibuyu, ungo, na jembe la chuma la kale lisilo na mpini, vyote vyeusi tititi kwa masizi. Wageni wengine walipiga chafya. Yeye alitamani.

Miaka mitatu walikaa Same, chumba cha kupanga, maana Melkizedeki alikuwa mwashi na kazi za uashi zilikuwa huko. Mlimani walipanda Krismasi tu. Kisha, mwaka uliofuata ule wa kutawazwa malkia wa Waingereza, kahawa ilikubali, na Melkizedeki akajenga kwao nyumba ya pembe nne: tofali za kuchoma, bati juu, chokaa ndani na nje. Ilipokwisha alimleta Dorkasi na mtoto wao Eliaichi, akawakabidhi ufunguo, akarudi Same kazini. Alikuwa akija Jumamosi moja, nyingine haji.

Kabla ya kuondoka alimwita mkewe kando.

"Mama Eliaichi, nyumba hii sikuijenga kwa ajili yetu peke yetu. Mvua za vuli zisimkute mama kwenye ule msonge wake."

Na kweli, msonge wa mama mkwe, Mama Kaanaeli, ulikuwa umeinama upande kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Mvua zilizopita maji yaliingia hadi kitandani, na bibi wa watu akakohoa mwezi mzima, kifua kikilia kama mlango mbovu. Mwaka mwingine wa namna ile asingeuvuka. Kila mtu alilijua hilo, na yeye mwenyewe alilijua, ila hakutaka kuambiwa.

"Shikamoo mama," Dorkasi alianza kila asubuhi.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunihamisha tena?"

"Nimekuja kukusalimu tu, mama."

"Basi salimia, halafu kaa. Ile nyumba yenu siingii. Nilichungulia. Nyeupe, baridi, haina harufu ya mtu. Mle ndani nitajikuta nasubiri kuitwa jina, kama niko bomani."

Dorkasi alirudi kwake akakaa sebuleni na kuzitazama kuta zake. Mama alisema kweli. Palikuwa na meza, viti vinne, kalenda ya duka, na mwangwi. Hapo ndipo wazo lilipomjia, na likamjia na furaha yake: kama mama hataki kuhamia kwa wageni, basi vitu vyake vitangulie. Akija avikute vinamngoja.

Kesho yake alimwomba ruhusa. Mama Kaanaeli alikuwa akichambua mahindi ya makande, hakuinua macho.

"Unataka vikorokoro vyangu vya nini?"

"Kwetu vyote vilikuwa na namba ya reli, mama. Hivi vipambe nyumba."

"Vipambe!" Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Haya, chukua visivyo na kazi. Vyenye kazi viache."

Dorkasi alihama navyo wiki nzima, akipita kwenye kijia cha migombani na mzigo kichwani, na Raheli, jirani mwenye kuku wengi na maneno mengi kuliko kuku, hakumwacha apite bure.

"Mama Eliaichi, leo unahamisha nini? Mafiga?"

"Ungo, shoga."

"Ungo mbovu huo! Wenzako wananunua vyombo vya kung'aa Same, wewe unakusanya masizi."

"Masizi yanaoshika, Raheli. Ungo wa nyanya wa mume wangu unauzwa duka gani?"

Raheli akageukia kuku wake.

Jembe la kale alilipiga msasa kwa mchanga, akalitundika juu ya mlango. Lilikuwa la wahunzi wa zamani, kabla ya majembe ya dukani, na nyanya wa Melkizedeki aliolewa nalo. Birika la chuma ambalo marehemu baba mkwe alirudi nalo kutoka vita vya Mjerumani, alikopelekwa kubeba mizigo, alilikalisha dirishani. Kopo la biskuti lenye picha ya mfalme alilitandikia kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Chungu kikubwa cha maji alikiweka pembeni na maua ya porini ndani yake. Kigoda cha miguu mitatu kikakaa chini ya dirisha. Mkongojo aliotembea nao Mama Kaanaeli hadi Same siku za kugomea kodi ya mbiru aliuegemeza ukutani, mahali pa heshima.

Cha mwisho kilikuwa kibuyu kidogo cha shingo ndefu, kilichoning'inia peke yake juu kabisa ya uchaga, mdomo wake umezibwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Dorkasi alikitikisa. Kikalia: cha-cha-cha. Akatabasamu. Alikuwa amesimuliwa kwamba Mama Kaanaeli, kabla hajabatizwa, alikuwa mchezaji ngoma ambaye vumbi lake lilionekana mlima wa pili. Kumbe manyanga yake hakuyatupa, aliyaficha! Kule Makanya alikokulia Dorkasi, kitu chochote cha kutunza kilitunzwa kwenye debe. Kibuyu kinacholia kilikuwa cha ngoma na si kingine. Akaona kitu hiki hakina kazi kuliko vyote, maana nani atacheza ngoma naye ni mshiriki wa meza ya Bwana? Akakichukua kimya kimya, kwa adabu, ili asimwaibishe mkwe.

Masizi yake yalikuwa magumu. Akakilowesha kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu na sabuni, tangu asubuhi mpaka ng'ombe waliporudi. Kilipotoka na kusuguliwa, kilikuwa na rangi ya asali, kizuri hata akakibusu. Akakitundika karibu na dirisha, jua likipate. Siku ya pili alikitikisa amsikilizishe mtoto, hakikulia. "Maji yameyaharibu manyanga ya watu," akajisemea, akaamua kutokitikisa tena mbele ya mtu.

Mawingu yalianza kujikusanya upande wa mlima Shengena. Siku ya sita Dorkasi alipika makande, akakanda unga wa mandazi, akaenda kumleta mama mkwe kwa kumshika mkono.

"Kula tu, mama. Ukishiba unarudi kwako."

Mama Kaanaeli alivuka kizingiti, akasimama. Akatazama juu ya mlango. Akatazama dirishani. Uso wake ukaanza kulegea, na Dorkasi akaanza kumshukuru Mungu moyoni, mapema kidogo.

"Jembe la mama mkwe wangu," bibi alisema pole pole. "Siku hizi linang'aa kuliko siku alizolima nalo. Na chungu changu, maua hayo ni ya nini? Kimekufa?"

"Ni pambo, mama."

"Mwanangu, kitu kikitundikwa ukutani kimefukuzwa kazi." Lakini alikuwa anacheka. Alilipigapiga birika la mumewe kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni. Kisha akageuka upande wa dirisha, na kicheko kikakatika.

Kwenye mdomo wa kibuyu, kizibo kilikuwa kimeinuliwa. Chini yake vilichungulia vichwa vyeupe, vimeinama na kusukumana, na kimoja kilikwisha kufungua majani mawili ya kijani na kuyaelekeza juani.

"Dorkasi." Hakumwita Mama Eliaichi. "Umefanya nini na mbegu yangu?"

"Mbegu? Mama, mimi nilidhani… nilidhani ni manyanga."

"Manyanga!"

"Yalikuwa yakilia."

Bibi akakaa kwenye kigoda kwa kishindo. Maharage yale, alisema, alipewa na mama yake siku anaolewa kutoka Usangi, konzi moja, yamefungwa kwenye pindo la nguo. Kila mwaka alipanda, akavuna, akala, na kabla hajala akajaza kibuyu kwanza na kukirudisha kwenye moshi, bungua wasikiguse. Mwaka wa nzige yeye na watoto walikula majani ya porini na magome, na kibuyu hakikufunguliwa. Watoto walilia chini yake na hakikufunguliwa.

Dorkasi alilia, tena kwa sauti. Aliona mambo yote mawili yakimponyoka kwa pamoja: mbegu za Usangi, na mama mkwe ambaye sasa asingekanyaga tena nyumba hii, na mvua ile pale, inanguruma.

"Nyamaza," alisema Mama Kaanaeli. Alikuwa amekichukua kibuyu, ameingiza jicho ndani. "Zimeota ngapi? Naona kama zote. Mbegu ya mama yangu haina uvivu. Zikilala humu mpaka kesho zitaoza. Ardhi iliyolimwa iko wapi hapa karibu?"

"Hapo chini ya dirisha, mama. Nilitaka kupanda maua."

"Maua tena! Haya, kivunje hiki kibuyu."

Dorkasi akarudi nyuma. "Mama, nisamehe, hicho siwezi. Hicho ni urithi."

"Nani kakwambia? Kibuyu hiki nilikilima mwenyewe baada ya nzige. Cha kwanza kililiwa na panya. Sikurithi kibuyu, nilirithi maharage. Shingo ni nyembamba, nikizivuta zitakatika. Vunja, mwanangu, kwa upole kama unavunja yai."

Basi yule mwanamke ambaye maisha yake yote alitamani kitu cha kale kisichobebwa na karani, akakigonga kizingitini, mara moja, akiwa amefumba macho. Kikapasuka vipande viwili. Maharage yaliyoota yakamwagika kwenye pindo la aproni yake, yamefumana mizizi.

Mama Kaanaeli alikwisha kuliteremsha jembe la kale. Mpini haukuwapo, akalishika hivyo hivyo, akapiga magoti, akafungua mashimo, na Dorkasi akapanda nyuma yake. Walipofika mstari wa mwisho, kuku watatu wa Raheli walikuwa wamesimama pembeni, shingo zimenyooka, wanangoja wenyewe waondoke.

"Raheli!" bibi alipaza sauti. "Fungia hawa majambazi wako!"

"Mama, hao kuku si wa kufungiwa, wamezoea uhuru!"

"Basi nitakaa hapa nione uhuru wao."

Akaagiza kigoda kitolewe nje na mkongojo aletewe. Akala makande yake pale pale, mkongojo magotini. Jioni tone la kwanza lilipogonga bati, Dorkasi alimwinua, naye akaingia ndani. Mvua ilinyesha siku tatu. Msonge uliinama, ukainama, na asubuhi ya pili ukakaa chini kabisa kama ng'ombe. Kitanda cha bibi kilikuwa kimeshaletwa, kwa maelezo yake, ili awe karibu na dirisha la maharage.

Jumamosi Melkizedeki alifika amelowa, ameona msonge ulivyoanguka, roho iko mkononi. Akamkuta mama yake jikoni kwa Dorkasi anamwelekeza mahali pa kuchomeka fito.

"Mama! Umehamia?"

"Nani kahamia? Nalinda mbegu. Zikivunwa tutaona. Wewe badala ya kunikodolea macho, tengeneza uchaga hapa juu ya jiko. Nyumba kubwa hivi, mbegu italala wapi? Na hilo jembe litie mpini."

Maharage yalikubali mwaka ule. Kibuyu kipya kilijazwa, kikazibwa, kikapandishwa kwenye moshi, na Dorkasi ndiye aliyekizibia, kwa mikono yake, mama mkwe akisimamia. Pale dirishani msumari ulibaki mtupu, mpaka siku moja Mama Kaanaeli aliokota kipande kikubwa cha kibuyu kilichovunjika, akakifuta kwa kanga.

"Hiki kimestaafu, kilifanya kazi yake," alisema. "Hiki unaweza kutundika."

Dorkasi akakipokea kwa mikono miwili.

"Lakini, Mama Eliaichi," bibi akaongeza, akimtazama kwa jicho la pembeni, "usije ukakiandika namba."