Shingo ya Aloisi

Novemba 1978 nilimpoteza Aloisi, rubani wa ndege ya vita, mtoto wa jirani yetu Kibosho. Mimi nilikuwa fundi wa ndege yake. Sijawahi kuandika habari hii, kwa sababu ndani yake mna jambo nililolijua nikalinyamazia.

Wiki tatu kabla ya hapo tulikuwa nyumbani likizo. Jumamosi tulishuka Moshi mjini, Aloisi akaingia katika duka la vitambaa la Mhindi mmoja mzee, akaomba yadi moja ya hariri nyeupe.

"Unaoa?" mzee akauliza.

"Ni ya shingo, mzee."

"Shingo ya bibi harusi?"

"Yangu mimi."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Aloisi akamweleza kwamba marubani wa kwanza wa vita, wale wa ndege za mbao na turubai, hawakuwa na kitu cha kuwaonyesha aliye nyuma yao. Waligeuza shingo safari nzima, mpaka kola ya koti la ngozi ikawachubua. Ndiyo maana walivaa hariri.

"Lakini ndege za siku hizi si zina kioo?" mzee akauliza.

"Kipo, kidogo. Kinaonyesha mkia na anga ya juu yake. Anayekuja kutoka chini hukioni kivuli chake. Mwalimu wangu alisema kioo ni cha kuchania nywele."

Tulipokuwa tunapanda kurudi tulimkuta mama yake ameketi kando ya njia, mzigo wa majani ya ng'ombe uko pembeni yake. Kwetu ng'ombe hufugwa ndani, na majani hufuatwa na wanawake huko chini tambarare, kwa kichwa. Mama alikuwa anahema. Aloisi akaniambia nimtwike yeye ule mzigo.

"Yeleuwi! Weka chini, watu watakuona," mama akasema.

"Wacha waone, mama."

Wanawake waliokuwa nyuma yetu walifurahi sana. "Rubani, ndege imekosa mafuta?" mmoja akamwuliza. Akajibu kwamba anajifunza kupaa na mizigo. Tukacheka wote.

Kwenye kuvuka mfereji jiwe liliteleza. Mzigo ukalalia kushoto, naye akauzuia kwa shingo usianguke. Mwanamke yeyote wa kwetu angeuachia uanguke, kisha aombe kutwikwa tena. Yeye hakujua hilo. Aliufikisha nyumbani, akanywa maji, akasema hana neno.

Siku chache baadaye redio ikatangaza kwamba nchi imevamiwa. Likizo ikaisha. Tukapelekwa kiwanja cha ndege cha magharibi.

Huko ndiko nilikoona kwamba kulia aligeuka vizuri, lakini kushoto shingo ilikwama kabla kidevu hakijafika begani. Kila jioni nilimchua kwa dawa. Asubuhi ilikuwa vilevile.

"Nenda kwa daktari," nikamwambia.

"Ataninyima kuruka. Na marubani hapa tuko wangapi?"

"Basi nitasema mimi."

"Deo, tumekua mlango kwa mlango. Usiniaibishe."

Sikusema.

Asubuhi ya mwisho alipanda, nikamfunga mikanda. Akaniambia nisogeze kioo kidogo kuelekea kushoto.

"Si ulisema ni cha kuchania nywele?"

"Leo kitafanya kazi nyingine."

Nikakisogeza.

Ziliondoka mbili.

Ikarudi moja.

Nilibaki nimesimama na ngazi yake mkononi. Hakuna aliyeniambia niiweke chini.

Yule rubani aliyerudi alitueleza akiwa bado ameketi ndani ya ndege. Aliona kitu kinapanda kutoka chini, nyuma ya Aloisi, upande wa kushoto. Akamwita kwenye redio, "Nyuma, kushoto!"

Hapo rubani hukata kushoto, amkabili adui; Aloisi akaikata ndege kulia.

Mwenzake hakuona mwavuli wowote ukifunguka.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, mara nyingi nikiwa peke yangu, maana sina wa kulizungumza naye. Siwezi kusema kwamba ni shingo iliyomuua. Pengine hata mwenye shingo nzima asingeokoka. Siwezi pia kusema kwamba siyo. Ninachojua ni kwamba daktari alikuwa hatua mia mbili kutoka hema letu, nami nilikuwa na miguu.

Niliporuhusiwa kwenda nyumbani, barua ya msiba ilikuwa imeshatangulia. Nilimkuta mama yake uani anaanika kahawa. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akaitikia. Nikamweleza kwamba mwanawe alikuwa mgonjwa wa shingo, kwamba alificha, na kwamba mimi nilijua. Sikumwambia iliumia lini. Hakuuliza.

"Alikuomba usiseme?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukamtii."

"Nilimtii."

Akaendelea kuchagua kahawa mbovu kwa muda. Kisha akajifuta mikono, akaingia jikoni, akafunga mlango. Nikasimama pale uani. Jua lilipohama kwenye mkeka wa kahawa niliusogeza, nikasimama tena. Baadaye akaja shemeji yake, akanishika mkono, akasema, "Nenda, baba. Leo hatafungua."

Nikaenda.