Ombui wa Nyumba ya Bathsheba

Baba yangu hakuwahi kuzaliwa. Aliitwa Ombui, na hapa Gesima jina lake liliheshimiwa kuliko la wanaume wengi wenye miguu.

Bibi yangu Bathsheba alifiwa na mumewe akiwa na mabinti watupu. Kwetu, nyumba isiyo na mvulana haikuachwa ifutike. Kwa ng'ombe wa mahari ya binti zake, mjane aliweza kuoa mke kwa ajili ya mwana ambaye hakumpata. Bibi akampa mwana huyo jina, akamwolea Mokeira, mama yangu. Machogu, shemeji yake bibi, ndiye aliyewaswaga ng'ombe hadi kwa kina Mokeira na kunywa pombe ya harusi badala ya bwana harusi. Mwanamume aliyetuzaa hakuwa na haki yoyote juu yetu. Tulikuwa watoto wa Ombui, na bibi akaitwa Mama Ombui.

Mwaka wa 1969 walipokuja kuhesabu watu, bibi alimtaja Ombui kwanza. Karani, kijana wa huku huku, aliandika bila kuinua macho. Bibi alifurahi kweli: sasa hata serikali inamjua mwanawe!

Miaka michache baadaye wakaja wapima mashamba. Afisa wao hakuwa wa kwetu. Barazani akauliza, "Mama, hii shamba ni ya nani?"

"Ya Ombui. Kijana yangu."

"Basi akuje aweke kidole hapa."

Watu wakatazama chini. Machogu peke yake alicheka. "Huyo Ombui mimi sijawahi kuona," akasema. Kwa kinywa kile kile kilichokunywa pombe! Namchukia hadi leo na sioni haya kusema.

Jioni akaja kwetu, mpole ajabu. "Mama Ombui, nisamehe. Yule mgeni hataelewa mambo yetu. Mwambie Ombui alikufa, shamba litakuwa la watoto wake."

Bibi alimfukuza. Lakini asubuhi mama yangu akamsihi: tukikosa shamba, hawa watoto watakula nini? Bibi alijifunga leso, akatangulia njiani.

Barazani akasema, "Ombui alikufa." Kisha akaketi kwenye nyasi, akalia kwa sauti. Wanawake wakamsaidia, maana kwetu mtu haachwi kulia peke yake. Nami nililia. Nilikuwa nimefiwa na baba.

Afisa alingoja kilio kipungue. "Watoto bado wadogo," akasema. "Mwanaume mkubwa kwa hii familia ni nani?"

Machogu alikuwa ameshasimama.

Shamba likaandikwa kwa jina lake, eti atutunzie. Akapanda chai. Mama yangu akawa anaichuma kama kibarua, nasi tukaachiwa kipande cha bondeni, ambako hata migomba huoza kwa maji.

Mwaka wa 1979 wakaja tena kuhesabu watu. Safari hii karani alikuwa binti mpole, mwalimu wa shule ya msingi. Akamwuliza bibi kama alizaa mtoto wa kiume.

"Hukujaliwa, Magokoro, au alikufa?" akauliza, akimwita nyanya kwa lugha yetu.

Bibi akanigeukia, kana kwamba mimi ndiye niliyejua. Kisha akamwambia karani aandike anavyotaka.