Kugonga Ni Kawaida

Mzee Michoro alikuwa na jibu moja tu, na alilitumia kwa kila mtu. Dereva akija karakanani kulalamika kwamba tangu afungiwe mauntingi mpya gari lake linagonga kila likipita kwenye shimo, mzee hakuinua hata macho kutoka kwenye mashine. "Kugonga ni kawaida," alisema, akaendelea na kazi yake. Dereva alirudi nyumbani ameridhika, tena anatabasamu, maana watu wa magari ya mbio ni watu wa ajabu: kitu kisipowasumbua kidogo hawaamini kwamba ni cha maana.

Na kusema kweli, mzee hakuwa akidanganya. Fungua boneti ya gari, angalia kule pembeni, kulia na kushoto, utaona mahali shokapu inapokuja kujishikiza kwenye bodi. Hapo juu pana kitu cha duara, ukubwa wa kisahani cha chai, chenye raba nene katikati. Hiyo ndiyo mauntingi. Raba ile inameza vishindo vya barabara ili wewe uliyekaa ndani utafune karanga zako kwa amani. Lakini raba inapinda, na ikipinda gurudumu linachelewa kumtii dereva. Mzee Michoro aliiondoa raba. Mahali pake aliweka sahani ya alumini aliyoichora na kuichonga mwenyewe, na katikati beringi ya chuma. Gari lilikata kona bila kusitasita, na kila kijiwe cha barabarani kilisikika ndani: tok.

Kazi hii hakufundishwa na mtu. Alikuwa mchoraji katika kiwanda cha mabodi ya mabasi, na kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na kompyuta kuukuu, mashine ya kukereza aliyopewa badala ya kiinua mgongo, na tabia ya kuchonga penseli hata kama hana cha kuchora. Mkewe, fundi cherehani, alimgawia nusu ya banda la uani. Huku nyuzi na vitambaa, kule vumbi la alumini, na mara kwa mara mteja wa gauni aliondoka na kijichuma kimenasa kwenye pindo. Waligombana kwa hilo kila wiki, wakapatana kila wiki.

Mauntingi za kwanza alimtengenezea binti yao. Alikuwa mtoto wao wa pekee, na tangu utotoni alipenda usukani kuliko wanasesere. Alipoolewa, alimpata mume anayependa spana kuliko mpira, wakawa wamekutana. Binti aliposhinda mbio za kupanda mlima, madereva wote walitaka kujua amefunga nini. Baada ya hapo banda halikupumua. Wateja walimzoea mzee hata wakamchapishia fulana zenye maneno yake mgongoni, kwa herufi kubwa: KUGONGA NI KAWAIDA. Yeye mwenyewe alipewa moja, akaivaa mpaka ikachuja.

Mkewe peke yake ndiye hakuzoea. "Gari lako linapiga hodi tangu tulipotoka sokoni," alimwambia siku moja wakirudi na mafurushi ya vitambaa. "Mfungulie basi huyo mgeni, aingie tupumzike."

"Mke wangu, hicho ni chuma. Kugonga ni kawaida."

"Mtu angenigongea hivyo nyumbani ningekwenda kuangalia ni nani."

Mzee alicheka mpaka akakosea gia. Miezi michache baadaye maneno hayo yalimrudia, na hakuona cha kuchekesha.

Tatizo lilikuwa kwenye kona moja ndogo. Ndani ya ile sahani kuna shimo ambamo beringi inakaa, na pale ukuta wa shimo unapokutana na sakafu yake mzee alikuwa akiacha mviringo kidogo, kama ule ulio ndani ya sufuria, ambao kijiko chako kinaupitia bila kukwama. Aliujua umuhimu wake. Ukitaka kufungua pakiti ya biskuti, si unatafuta pale palipokatwa? Kuraruka huanzia hapo. Kona kali ndani ya chuma ni pakiti iliyokwisha kukatwa, inangoja tu wa kuivuta. Lakini madereva walianza kulalamika kwamba beringi inakalia ule mviringo na haifiki chini sawasawa, na kwamba mauntingi za watu wengine zinaonekana safi zaidi. Lile neno "wengine" lilimchoma. Njia ya kurekebisha ilikuwepo, ndefu na ya kuchosha. Mzee akachukua fupi: akafuta ule mviringo kwenye mchoro, akaikata kona ikawa kali kama ya kasha, beringi ikakaa tuli, inang'aa. Kila aliyeona alisifu. Mzee alijiambia alumini yake ni nene, haina neno. Mtu akianza kujibembeleza mwenyewe hivyo, ujue amekwisha kujua.

Mzigo ule mpya wa kona kali ulikwisha haraka, karibu kila dereva akachukua jozi. Jozi ya kwanza ilikwenda kwa binti yake, maana cha kwanza kilikuwa chake daima. Wa mwisho kufika ni dereva mmoja wa gari jeupe waliyemwita Bwana Harusi, kwa jinsi alivyolisugua gari lake kila asubuhi kana kwamba linakwenda kuoa. Alikuta rafu tupu.

"Subiri alumini iingie," mzee alimwambia.

"Mzee wangu, mashindano hayasubiri alumini."

"Basi panda mlima na raba zako, uone watakavyokupita."

Wakacheka wote wawili. Siku hiyohiyo jioni binti alipiga simu.

"Baba, shikamoo. Gari linagonga upande wa kushoto."

"Marahaba, mama. Ukipita kwenye matuta?"

"Hapana. Hata nikizungusha usukani likiwa limesimama."

Mtu angetamani kumshika mzee shati hapo na kumtikisa. Beringi nzima haigongi gari likiwa limesimama. Alilijua hilo kuliko yeyote. Lakini ulimi una mazoea yake. "Kugonga ni kawaida, mwanangu. Vyuma vipya hivyo, vitazoeana."

"Haya, baba," alisema.

Asubuhi ya mashindano mzee alikuwa bandani akijiandaa kwenda kutazama, mara akaingia mwenye teksi mmoja, amebeba mauntingi zake za mzigo ule mpya kwenye mfuko wa plastiki. Aliomba radhi kama mtu anayerudisha mchumba. Abiria walikuwa wanashuka njiani kwa sababu ya kelele, alisema, ikabidi arudishe raba. Mzee hakuudhika. Alizitia kwenye beseni la petroli, akazisugua kwa brashi, akaipangusa moja kwa kitambaa cha mkewe ambacho hakuruhusiwa kukigusa.

Kulikuwa na unywele ndani ya shimo. Aliufuta kwa kidole gumba, haukutoka. Akaupuliza. Akatia kitambaa tena, akasugua kwa nguvu, unywele ukabaki palepale, umelala sawasawa juu ya ile kona kali na kuizunguka karibu nusu ya duara. Akasogea mlangoni penye jua. Haukuwa unywele. Akaibana sahani kwenye jiliwa, akaisukuma kwa mkono mtupu, nayo ikajibu kwa sauti ndogo, kavu: tok.

Hiyo ilikuwa ya teksi, gari linalokwenda polepole na kusimama kila kituo. Ya binti yake ilikuwa inapelekwa mlimani.

Alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga ya mkwewe, nayo ikaita mpaka ikakata. Kule mlimani madereva huacha simu kwenye mabegi, na mafundi wao wana mikono ya grisi. Alimwambia mkewe maneno mawili yasiyoeleweka, akaingia garini na lile lisahani mfukoni. Njia nzima gari lake mwenyewe lilimgongea, kwenye mashimo, kwenye matuta, kwenye reli, na kwa mara ya kwanza alisikiliza. Kila tok alijiuliza, hii ni beringi au ni ufa? Hakuweza kutofautisha. Yeye aliyezichora hakuweza, seuze wale aliowafundisha kutosikiliza.

Chini ya mlima watu walikuwa wengi, na migongo yao ilimsalimia kabla ya nyuso: KUGONGA NI KAWAIDA, KUGONGA NI KAWAIDA. Mmoja alimpiga begani. Alimsukuma bila kumtazama. Akaliona gari la binti yake limeegeshwa kando, boneti juu, na binti ameketi kwenye gurudumu la akiba ananywa maji. Akaenda moja kwa moja akashika ukingo wa gari.

"Usipande," alisema. "Mauntingi zina ufa. Usipande, mwanangu."

Binti alimtazama, kisha akatazama chini kwa aibu. Mzee akainamia injini. Mahali pa sahani zake palikuwa na raba, zile kuukuu za kiwandani.

"Tulizitoa, baba. Mume wangu alisema tusikuambie, utaudhika." Alifunika chupa ya maji. "Zilikuwa zinanitisha. Nilikuambia, ukasema kawaida."

Hakuna mtu aliyewahi kumpa Mzee Michoro tusi zito kiasi hicho, na hakuna zawadi aliyowahi kuipenda zaidi. Alitaka kumkumbatia. Badala yake aliuliza, "Ziko wapi?"

"Nilimpa Bwana Harusi. Alinisumbua wiki nzima. Nilimwambia zinagonga, baba, nilimwambia kabisa! Akacheka, akanionyesha fulana yake."

Gari jeupe lilikuwa mstarini. Mzee alikimbia kama wanavyokimbia watu wa umri wake, mikono mingi kuliko miguu, akipunga na kupiga kelele, na injini ikiyameza maneno yote. Bwana Harusi alimwona. Alimwona vizuri tu, maana alitoa mkono dirishani, akamwinulia kidole gumba, akacheka kwa furaha ya kuagwa na mwenye mauntingi mwenyewe. Bendera ikashuka.

Mlima ule una kona nyingi, na aliye chini haoni gari, analisikia tu. Binti alifika, akamshika baba yake mkono. Walisikia kona ya kwanza, gia ikishuka na kupanda. Wakasikia ya pili. Kisha sauti ya injini ikapanda juu peke yake, kama mtu aliyekosa ngazi, halafu mlima ukawa kimya, na watu wakaanza kukimbia.

Hakufa. Walimchomoa kwenye mtaro, mguu umevunjika mahali pawili na mbavu zimeumia, na alasiri alikuwa kitandani hospitalini, mguu umening'inizwa, madereva wamemzunguka wote na fulana zao. Mzee Michoro aliingia na binti yake. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Njiani alikuwa amepanga hata maneno ya kujibu, moja baada ya jingine.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema Bwana Harusi kwa sauti iliyolegezwa na dawa. "Nimeharibu kazi yako. Niliingia kona kwa pupa."

"Pupa tupu," alisema mmoja wa wale madereva. "Kila siku tunamwambia. Mzee, wala usijisumbue moyo."

"Zilikuwa zinagonga kidogo," aliendelea mgonjwa, "lakini hiyo najua ni kawaida."

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa, tena wenyewe ndio waliomfungulia. Gari lilikuwa limekwisha kuburutwa na kutupwa uwanjani, limekunjamana lote, nani angekwenda kuchungulia sahani moja? Mzee aliona haya jinsi alivyotamani kupita mlango huo. Ndani ya mfuko, kidole chake kilikuwa kimeukuta ule unywele na kinauchezea. Binti alimkazia macho kutoka upande wa pili wa kitanda. Madereva wakaaga, wakamshika mzee mkono mmoja mmoja, wakamwambia apumzike. Wakatoka. Yeye akabaki amesimama kando ya kitanda.

Dirisha lilikuwa wazi. Lilitazama geti la hospitali, na mbele ya geti kulikuwa na tuta. Gari la kwanza likawashwa, likajikokota, likapanda lile tuta.

Tok.

Akamtazama mgonjwa, akautazama mguu ule. Kisha akageuka akakimbia, akateremka ngazi akiwapiga vikumbo watu waliobeba mablanketi na chupa za chai, akakatisha uwanja, na gari la pili lilipofika kwenye tuta lilimkuta amesimama katikati ya njia, anaipiga boneti kwa ngumi kwa nguvu zake zote. Dereva alishusha kioo, anacheka.

"Vipi mzee, leo unagonga wewe? Haya, kugonga ni kawaida!"

"Si kawaida," alisema Mzee Michoro. Alitoa lile lisahani mfukoni akaliweka juu ya boneti. "Mimi ndiye niliyemvunja yule kijana. Zima gari. Shukeni wote, mje muone."

Injini ikazimwa. Katika kimya kile aligeuka kulitafuta gari la kwanza, lakini lilikuwa limekwisha kuingia barabara kuu.