Nguzo za Wahungaria wa St Marys

Hebu niambie, umeshaona watu waliotoka kuimba haleluya wakimvunja mzee mbavu?

Nilipokuwa mtoto, kanisa letu la Wakongo lilipanga ukumbi wa zamani wa Wahungaria, hapa St Marys, Australia. Nao walikuwa refugees, tena kabla yetu. Waliishi kwenye mabanda ya bati, wakajenga ukumbi ule kwa mikono yao, wakatundika kengele. Nyuma wakasimamisha nguzo za mti zilizochongwa, nyingine na nyota kichwani, nyingine na ua.

Pasta alipoziona akasema ni fétiche, mambo ya uchawi. Eti ndizo zinazozuia visa za ndugu zetu. Watu wazima wakaitikia, amen!

Koko, mama yake baba, alikataa peke yake. "Mti uliosimamishiwa mfu haukatwi. Ukikatwa unadai damu."

"Koko, hapa Australia," tonton Safari, mdogo wake baba, akacheka. "Mizimu ya huku haijui Kiswahili."

Jumapili hiyo, ibada ilipoisha, tonton akashika shoka. Mzee Shandor, Mhungaria mshika funguo wa ukumbi, akaja mbio akakumbatia nguzo ya nyota. "Not this one! That's my brother!" Wanaume wawili wakamng'oa, wakamtupa chini, wakampiga mateke. Nilisikia mbavu zikilia kama kuni kavu. Tonton akapiga. Shoka likagonga fundo, likateleza, likamwingia mguuni mpaka mfupani. Damu ikaruka hadi kwenye gauni langu.

Wote wakakimbia. Aliyebaki ni mzee. Akatambaa, akavua mkanda wake, akakaza paja la tonton. "Hold still, you bloody idiot," akawa analia.

Mti ulidai damu? Sijui. Nina degree ya historia na inbox iliyojaa "unfortunately" za waajiri, na bado sijui. Ninachojua ni kwamba kila nguzo ilikuwa mtu aliyekufa bila kaburi. Kaka yake Shandor alipigwa risasi barabarani kwao, maiti haikuonekana. Koko naye alimwacha mwanawe amekufa porini, Kivu, bila kumzika. Alilijua jambo hilo bila kusoma. Mbavu zilipopona, alimwendea mzee na picha ya mwanawe huyo, baba mdogo Amani. Mzee akamchongea nguzo yenye nyota.

Mwezi uliopita bulldozer lilipita juu ya ukumbi na nguzo. Townhouses, luxury living.

Nyinyi mlionunua kiwanja, msituletee sorry for any inconvenience. Zile nguzo mmezitupa wapi? Semeni, tukawachukue watu wetu.