Hitilafu Inaitwa Nani?

Jumatatu asubuhi Gahongayire alifungua mlango wa maabara akakanyaga maji. Friza kubwa, ile iliyohifadhi damu na uboho wa watoto wenye saratani ya damu, ilikuwa kimya. Akapiga magoti, akaufuata waya wake hadi ukutani. Plagi ililala sakafuni. Mahali pake palichomekwa birika kubwa la kahawa.

 Alitoa kisanduku kimoja baada ya kingine, na kila kichupa alichokigusa kilikuwa vuguvugu. Wengi wa watoto hao walikwisha kufariki. Kwa hao hapakuwa tena na sampuli ya kuchukua, hata dunia nzima ingeomba.

Gahongayire alizaliwa ukimbizini Karagwe, akasomea Dar es Salaam, akarudi nchi ya wazazi wake na kukabidhiwa usimamizi wa maabara hii ya chuo kikuu. Waliomjua walimwita mpole. Lakini asubuhi ile Valens, fundi wa maabara, alipoingia na kumwona uso, alirudi nyuma.

"Nani kafanya hivi?"

"Profesa, dada. Ijumaa, wageni walipokuja, alitaka kahawa ichemkie hapa hapa. Kengele ya friza ikalia katikati ya hotuba, akaniambia niizime. Baadaye kila mtu akadhani mwenzake kaurudisha waya."

"Na wewe mikono yako ilikuwa ya nini?"

 Gahongayire akampita, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Profesa Mutsinzi, mkuu wa utafiti ule. Alisikilizwa hadi mwisho, kisha Profesa akafunga mlango.

"Tutasema umeme ulikatika."

"Umeme haukukatika, Profesa. Ulichomolewa."

"Wafadhili wakisikia, tumekwisha. Unataka watoto waliobaki wakose utafiti?"

Hapo ndipo damu ilipomchemka. Watoto wale wale ambao birika la kahawa liliwashinda thamani, leo wamegeuzwa ngao!

"Wazazi wataambiwa," alisema. "Usipowaambia, nitawaambia mimi."

"Nakukataza."

Mchana ule ule alipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Masaka, pembezoni mwa mji, nyumbani kwa Athanasie. Binti wa mama huyu, Kamikazi, alifariki mwaka uliopita, naye mama alikuwa ameridhia uboho wa mwanawe uhifadhiwe uwafae watoto wa wenzake. Alimkuta akipalilia maharage. Athanasie alikulia Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili cha ugenini kilikuwa chao wote wawili, na kwa Kiswahili hicho Gahongayire akamweleza yote. Birika hakulificha.

Athanasie akaachia jembe. "Kahawa?"

"Ndiyo, mama."

"Mutoto wangu walimutoboa mufupa akilia, mimi mwenyewe nikimushika. Nikamwambia, vumilia Kami, iko watoto wengine watapona. Sasa munaniletea habari ya kahawa?"

"Pole sana, mama."

"Pole yako siitaki. Huyo mukubwa wako iko wapi?"

Athanasie hakungoja kuitwa. Aliwapigia simu wazazi aliojuana nao wodini, nao wakawapigia wengine, na kabla wiki haijaisha ukumbi wa chuo ulijaa. Profesa Mutsinzi alisimama mbele yao katika suti yake nzuri.

"Ndugu wazazi, kumetokea hitilafu ya kiufundi."

Athanasie akainuka. "Hiyo hitilafu inaitwa nani?"

 Profesa akamgeukia Gahongayire. Gahongayire akamtazama vile vile, wala hakumtupia neno la kumwokoa.

"Ni mimi," akasema Profesa mwishowe, na kilio cha mama mmoja kikasikika kutoka nyuma.

Chuo kilimwondoa Profesa kwenye utafiti, kikamwachia madarasa yake. Gahongayire naye alipewa onyo kali kwa kwenda kwa wazazi bila ruhusa. Mkuu wa kitivo alipomuuliza kama amejifunza, alijibu, "Ndiyo. Nimejifunza kutoomba ruhusa." Akatoka bila kuaga.

Wazazi kadhaa waliwatoa watoto wao utafitini, naye hakuwalaumu. Athanasie hakupokea tena simu zake. Hasira haikumtoka Gahongayire. Alikwenda nayo nyumbani, akarudi nayo kazini. Alimkuta Valens akipangusa friza tupu. Akavuta kiti, wakaanza kubandika majina ya watoto waliobaki kwenye vichupa vipya, na siku nzima hakumsemesha.