Koti la Papa Katika Blanketi la Otone

Harufu ya karatasi ya mfuko wa simenti inapopigwa pasi ya makaa, hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Wengine wanakumbuka maziwa, wengine mkate. Mimi nakumbuka vumbi la simenti linaloungua, linaloingia puani na kukaa kooni mpaka ugali wa jioni una ladha ya ukuta. Tulikuwa tunakaa Majengo, hapa Goma, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano, na mvua za mwaka ule zilikuwa zinapiga bati kama mtu anayedai mlango ufunguliwe. Ulikuwa ule wakati wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka walikuwa wamejaa mpaka Kibumba, chini ya mashitingi ya plastiki, na miti ya njiani ilikuwa imekwisha kukatwa kwa kupikia. Sikuwalaumu wao, na leo siwalaumu. Nawalaumu wakubwa waliowakimbiza kwao, na wakubwa waliowafuga pale kama kuku wa kuuza, na wakubwa wetu sisi waliokaa katikati wakila kwa mikono miwili. Wanasema tembo wakipigana zinazoumia ni nyasi. Sisi hata nyasi hatukuwa nazo tena.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mchuuzi wa makayabo, samaki wa chumvi, aliowafuata mpaka Vitshumbi kwenye ziwa na kurudi nao juu ya lori, amelala juu ya magunia. Vitshumbi kuna joto na Goma kuna baridi, kwa hiyo kila safari koti lake aliliacha nyumbani. Lilikuwa koti la sufu, rangi ya kahawia kama udongo wa Butembo ulikozaliwa ukoo wetu, na mifuko yake ilikuwa inanuka tumbaku na samaki. Lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha mama. Safari moja alienda kama kawaida, halafu nyuma yake barabara ikafungwa na watu wenye bunduki, hata lori la misheni halikupita. Mwezi ukaisha, mwingine ukaisha. Kila Jumamosi mama alikuwa analishusha koti, analipiga brashi, analirudisha. Akiulizwa na majirani alijibu: "Mutu akiacha koti yake hajaaga." Na wazee wetu walikuwa na neno lao kuhusu nguo: nguo ya mwanaume aliye hai inaweza kupita sindano, inaweza kutiwa kiraka, lakini makasi hayaigusi. Makasi ni ya siku ya kuondoa matanga, siku ndugu wanapogawana nguo za marehemu. Kabla ya hapo, kukata nguo ya mtu ni kumkata yeye mwenyewe.

Parokia yetu ilikuwa na fwaye, nyumba ya kufundishia akina mama kushona. Pale alikuja msichana mzungu tuliyemwita Madmazeli, na akaleta jambo la ajabu. Alikuwa anataka mablanketi ya viraka yenye picha ya majani, ayapeleke kwao yakauzwe, na kila mama atakayemaliza blanketi zima atapewa mashini ya kushona iwe yake. Mama aliposikia hivyo alikuja nyumbani mbio. Mashini maana yake ni kula bila kungoja barabara ya Vitshumbi. Maana yake mimi na dada yangu Masika turudi shule. Nilikuwa nimefika ya tatu primeri, yaani darasa la tatu, na kama unasoma hapa unaona nilivyobaki palepale, basi elewa kwamba kilichokuwa kinatafutwa katika blanketi hilo hakikuwa joto.

Madmazeli alisema rangi ziwe za otone. Akina mama wakatazamana. Monitrisi wetu, mwalimu wa kushona, Mama Georgine, ambaye alikuwa anajua Kifaransa na alikuwa hataki tusahau, akatufasiria kwamba ni rangi za kahawia, njano iliyoiva, nyekundu ya kutu. Mama mmoja wa upande wa Bukavu akauliza: "Otone iko kijiji gani? Iko upande wa Beni?" Tukaelezwa kwamba ni majira, huko kwao majani yote yanageuka nyekundu halafu yanaanguka. Yule mama akafikiri, akasema: "Kwetu mugomba ukigeuka hivyo, uko mugonjwa. Basi tunawashonea ugonjwa wao." Fwaye nzima ikacheka, na Madmazeli akacheka bila kujua anacheka nini. Alikuwa amejifunza Kiswahili cha vitabu cha pwani, na aliposikia dada yangu anaitwa Masika alifurahi sana: "Masika ni majira ya mvua." Mama akamjibu kwa heshima: "Hapana, Madmazeli. Masika ni mutoto yangu ya kwanza." Kwetu Wanande kila binti wa kwanza ni Masika, mvua inyeshe isinyeshe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kumtia mtu wazimu. Tulikuwa tunachana mifuko ya simenti, tunachukua karatasi ya ndani iliyo safi, tunaipiga pasi inyooke. Madmazeli alikuwa anachora jani juu yake kwa penseli, limegawanyika vipande, na kila kipande kina namba. Kitambaa kinakaa chini ya karatasi, wewe unashona juu, kwenye mstari, kitu usichokiona. Ukimaliza mstari unageuza, unakunja kitambaa, unakata kinachozidi, unaweka kingine, unageuza tena. Jani lililochorwa limeinama kushoto, ukigeuza limeinama kulia. Mama alishona majani mengi yakatoka yameelekea nyuma, akayafumua, akashona tena, akafumua, mpaka karatasi ikawa matundu matupu kama kichujio. Mishono ikiwa mikubwa, siku ya kuchana karatasi uzi unatoka nayo. Ikiwa midogo, macho yanakufa. Sisi watoto ndio tuliokuwa tunachana hiyo karatasi kwa kucha, chembe kwa chembe, na mpaka leo nikisikia karatasi inachanwa meno yananiuma. Sijawahi kuipenda kazi ile hata siku moja. Wanaosema mikono ikishughulika roho inapumzika hawajashona juu ya simenti.

Na shida kubwa ilikuwa namba moja. Namba moja ni ule mti wa katikati wa jani, na kila kitu kinashonwa kuanzia hapo. Namba moja ilikuwa lazima iwe ya kahawia, nzito. Njano tulipata kwenye kitenge kilichozeeka, nyekundu kwenye mitumba ya watoto. Kahawia haikupatikana. Mitumba iliyokuja na misaada ilikuwa ya bluu na ya kijani. Ya kijani hakuna aliyethubutu kuigusa, ilikuwa inafanana na ya askari. Blanketi la mama likasimama. Wenzake walikuwa wanaongeza majani, yeye alikuwa na rundo la njano na nyekundu lisilo na pa kuanzia.

Hapo ndipo Georgine alipoanza. Alikuja mpaka kwetu, akaketi kwenye kitanda, akainua macho kwenye msumari. "Mama Masika," akasema, "kahawia si ile?"

"Ile ni ya mwenyewe."

"Mwenyewe iko wapi?"

Mama alirudi kwenye vipande vyake vya njano. Georgine akaendelea, kwa upole, na ni kwa upole huo ninamchukia: "Uko namungojea nani? Watoto wako nalala njaa, na wewe uko napiga koti brashi. Koti haitakulisha."

Alirudi tena wiki nyingine, na nyingine. Mara anasema Madmazeli ataondoka karibuni. Mara anasema watu wa Vitshumbi wote walikwisha, ameambiwa. Nani amekuambia? Watu. Mama hakula siku zile, na alitukaripia kwa kila kitu, hata kwa kupumua. Halafu mchana mmoja, mvua ikinyesha, alilishusha koti, akalinusa kwenye kola, akaomba Salamu Maria moja, akaingiza makasi mgongoni. Sufu ilikatika kwa shida, ikiguna. Sisi tulisimama mlangoni, na hakutufukuza wala hakututazama. Kuanzia siku ile blanketi lilikimbia. Majani yalijaa, kila moja na mti wa koti la papa katikati, na nakiri lilikuwa zuri, kama moto unaokufa polepole. Georgine alilisifu sana mbele ya wote.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akaja Muhindo. Muhindo ni mdogo wake papa, tumbo moja, na naliandika jina lake ili lisomwe. Alikuja na wazee wawili wa ukoo, akasimama katikati ya nyumba na kulinyooshea kidole blanketi.

"Nani aliondoa matanga ya kaka yangu bila kuniita?"

"Hakuna matanga, Muhindo," mama akasema. "Nilitafuta tu kitambaa."

"Makasi imesema."

Wazee wakatikisa vichwa. Kwao ilikuwa wazi: mwanamke mwenyewe ametangaza kifo kwa mkono wake, na marehemu akiwa na ndugu, parseli, kiwanja na nyumba yake, inalindwa na ndugu. Hawakuuliza maiti iko wapi. Kufika mwisho wa mwezi Muhindo alikuwa analala kwenye chumba cha mbele na masanduku yake, na sisi watatu tulikuwa jikoni kwa nyuma, na moshi. Mama alisema si kitu, mashini ikifika tutapanga kwingine. Alipeleka blanketi fwaye, Madmazeli akamkumbatia, akamwambia mashini ziko njiani, zimefika mpakani. Halafu vita vikaingia mjini. Mabomu yalianguka mchana kweupe, Madmazeli akapandishwa gari na wenzake, na mablanketi akayachukua. Mashini walizibeba wanajeshi waliokuwa wanakimbia. Tuliziona zinapita juu ya kamiyo, lori lao, zimefungwa kamba, pamoja na magodoro na mbuzi. Mama alizitazama mpaka zikapinda kona. "Ile moja ni yangu," akasema, kama mtu anayeonyesha mtoto wake kwenye msafara.

Papa alirudi kiangazi. Ndiyo, alirudi, kwa miguu, amekonda, midomo imepasuka kwa jua. Alikuwa amekwama Vitshumbi muda wote ule, akivua katika mtumbwi wa watu kwa kula. Tulimkimbilia, akatushika vichwa, halafu akainua macho akaona mdogo wake anatoka mlango wa mbele na kikombe mkononi. Aliomba koti lake kwa sababu kulikuwa na baridi. Sitasahau kwamba hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza nyumbani.

Muhindo alimjibu kabla ya mama. "Bibi yako huyu alikulilia matanga, kaka. Alikata koti."

"Nilituma neno kwamba niko hai," papa akasema. "Kabla ya Noeli. Nilituma na dereva wa lori aliyepita porini, akuambie wewe, umwambie huyu."

"Nililileta. Yeye ndiye hakutaka kungoja."

Mama alipiga magoti juu ya yale mawe. "Papa Masika, hakuniambia kitu. Uliza watoto." Lakini watoto nani anawauliza? Na koti halikuwepo. Kama angeweza kulileta na kumvika, labda neno lake lingekuwa na uzito. Papa alimtazama muda mrefu bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kipigo. "Ulinikata ningali napumua," akasema. Alilala usiku mmoja, chumba cha mbele, upande wa mdogo wake. Akashika njia ya Butembo, na huko akaoa.

Yule dereva tulikutana naye sokoni miaka ikiwa imepita. Alimsalimu mama kwa furaha, akauliza kama lile neno lilifika, akisema alimwachia Muhindo mkononi, mvua zikianza. Mvua zikianza. Wakati huo mama alikuwa hajajua hata otone ni nini. Ina maana Muhindo alikuwa analo neno tumboni siku zote Georgine alipokuwa anaketi kwenye kitanda chetu na kutazama msumari. Na kwa nini Georgine alijua la kusema? Baadaye tulijua alikuwa anakula pesa za Muhindo. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mama alimtuma mtu Butembo kumweleza papa. Jibu lilikuja kwamba amesikia, lakini ana watoto wengine sasa. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Leo mimi ni mama wa watu wazima. Vita ni vile vile; vinabadilisha jina na viatu tu. Barabara ya Rutshuru, ile ile ya Vitshumbi, inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha sokoni, na mashitingi yamerudi, safari hii wanaolala chini yake ni sisi kwa sisi. Muhindo alikufa kitandani mwake, amezikwa kwa nyimbo, na watoto wake wamejenga matofali kwenye parseli ile na kupangisha. Hakuna aliyewauliza. Mabinti bado wanafundishwa kushona na wageni wanaoondoka mabomu yakilia. Kilichobadilika ni kimoja. Mwanangu wa kiume anaendesha lori, na mwezi uliopita alikwama huko juu, risasi zikilia. Simu iliita kabla chai haijapoa. Mama yangu, ambaye anakaa kwangu na haoni tena vizuri, aliacha maharage aliyokuwa anachambua. "Ni yeye? Yuko?" akauliza. "Yuko, mama." Akarudi kwenye maharage yake. Mimi ndiye niliyeshindwa kuketi. Nilisimama na simu mkononi, na hasira imenijaa mpaka machoni, kwa sababu ya udogo wa neno lile. Yuko. Linapita kwenye upepo, halina uzito wa samaki mmoja. Muhindo alilimeza, na hata kukohoa hakukohoa.