Mwendo wa Heshima wa Konstebo Opoka

Kazi ya Opoka ilikuwa kutangulia misafara ya wakubwa kwa pikipiki, akifagia barabara kwa king'ora. Alikaa Nsambya, jijini Kampala, kwenye nyumba za polisi, na binti yake Akullo na mkewe Akwero, ambaye pikipiki ile ya serikali aliiita mke mwenza, kwa kuwa ililala ndani na kila alfajiri ilimbidi airuke ndipo akawashe jiko.

Mwaka ule petroli iliadimika, mgao wa pikipiki ukakatwa. Sukari nayo ilipatikana kwa magendo tu. Opoka akawaza: pikipiki ikinywa kidogo, itakayobaki itauzwa, igeuke sukari. Akaisukuma mpaka Katwe kwa Oloo, fundi Mkenya.

Oloo alibana kile kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, kisha akafunga spoketi ndogo nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo.

"Sasa itakuwa inaonja tu, Afande," alisema. "Lakini mlima hapana omba."

"Mimi naenda mlima kutafuta nini?" Opoka akacheka.

Chai ikawa tamu nyumbani kwake, hata majirani wakaanza kuamkia mlangoni pake. Hadi siku alipoamriwa kumtangulia mkubwa mmoja kwenda Makindye.

Tambarare walikwenda vizuri. Kilima kilipoanza, pikipiki ikakohoa, ikapooza, ikawa inatambaa. Mwanamke mwenye mkungu wa matoke kichwani akampita, akamwonea huruma. Nyuma yake magari meusi yalijikokota yakifuka moshi, maana amri ilikuwa wazi: atakayeipita pikipiki ya mbele ni adui wa serikali.

Kileleni mkubwa akashuka.

"Wewe! Nani amekufundisha kutembea kama kinyonga?"

Opoka akapiga saluti. Ulimi ukamtangulia akili.

"Mkubwa, huu ni mwendo wa heshima. Ukipita mbio, wananchi watakuona saa ngapi?"

Maofisa wakamtazama mkubwa usoni, wajue wavae nyuso zipi. Mkubwa akacheka, wakacheka. Akanyamaza, wakanyamaza kama redio iliyozimwa.

"Mtu huyu ana akili. Kuanzia leo, misafara yote iende hivi."

Opoka akavishwa ukoplo, akapewa wenzake awafundishe kwenda polepole. Lakini magari makubwa, kwa kutambaa vile, yalikunywa petroli kama ngamia, na ili yatoshelezwe, mgao wa pikipiki ukakatwa tena. Watu waliopangwa kando ya barabara nao waliamriwa kupiga makofi mpaka gari la mwisho lipite.

Jioni moja Akwero alirudi viganja vimevimba.

"Baba Akullo," alisema, "mkubwa wenu leo amepita kama bwana harusi anayeogopa wakwe. Nani aliyebuni ujinga huu?"

Opoka akainama kufungua viatu, ingawa alikwisha kuvivua.

Kesho yake alikwenda Katwe, Oloo amrudishie pikipiki mwendo wake. Akakuta pikipiki za misafara zimejaa uani, askari mwenye bunduki akizilinda, na Oloo kalala chini ya mojawapo, jasho likimtoka.

"Koplo," Oloo alinong'ona, "hawa wanataka zote ziwe kama yako. Spoketi ndogo imekwisha Kampala nzima, na mimi hapana ruhusa kwenda nyumbani."

Opoka akaketi juu ya tairi bovu. Kicheko kikampanda kutoka tumboni. Akakiziba kwa kofia ya polisi, akatetemeka mabega mpaka machozi yakamtoka, kwa sababu yule askari alikuwa amegeuka, naye angetaka kuelezwa anachekwa nani.